Mgeni wa Bweni Rukia

Nimestaafu mwezi uliopita. Ofisini walinipa saa ya ukutani, na siku ya pili ikasimama, kwa hiyo sina tena sababu ya kuharakisha. Vijana wa idara mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi yetu ya mifugo ilivyokuwa zamani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilizaliwa Unguja, mtoto wa Wangazija wa kule, na kwa sababu wawili kati yenu mmesomea Tanga na hamna kisingizio. Maneno niliyoyasikia kwa Kingazija na Kinzwani nimeyageuza kadiri nilivyoweza. Vyeo sitavitaja, mwenye haja navyo aende kwenye majalada, kama panya wamebakisha kitu.

Nilipofika Moroni nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti kimoja. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya mtaa wa Magudju, bati juu, meza moja iliyoegemezwa ukutani kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Abdou wa Ikoni, mtu mfupi, mkimya, aliyekuja kila asubuhi kwa teksi na bomba lake la sindano limeviringishwa kitambaa safi ndani ya mfuko wa shati. Droo za serikali hakuziamini. Siku ya kwanza nilidhani atanipa bomba nilishike. Akanipa kamba.

"Jifunze kufunga kwanza," alisema. "Mnyama ukimfunga vibaya atakuumiza. Ukimfunga kwa hasira atakukumbuka."

Siku hiyo hiyo fahali mmoja aliniburura kutoka kwa mwenyewe hadi kwenye mtaro wa maji machafu, kamba ikiwa imenizunguka mkononi, jambo ambalo Mzee Abdou alikuwa amenikataza robo saa kabla. Watu walicheka hadi alasiri. Wapo wazee Moroni ambao mpaka leo wananiita Mtaro, na wengine hawajui kwamba jina langu ni Msa.

Koleo la kuhasia, boksi la barafu la kubebea chanjo, ndoo, kamba tatu za unene mbalimbali, sabuni: hivyo ndivyo vilikuwa vyombo vyetu. Mzee Abdou alinifundisha kumsikiliza ng'ombe tumboni kwa sikio tupu, maana kipimo kimoja tulichokuwa nacho kilipasuka mpira na mwingine haukuja. Alinifundisha pia kumsalimu mwenye mnyama kabla ya kumgusa mnyama, na kukubali chai hata ukiwa na haraka. Alisema mtu aliyekunywa nawe chai atakwambia ukweli kuhusu ugonjwa. Hilo nimelijaribu miaka yote na limenidanganya mara chache.

Sasa nije kwa mbwa, maana ndiko mlikoniuliza zaidi. Kazi yetu kwa mbwa ilikuwa moja, nayo ni kuwaua. Wakizidi mitaani, watu walilalamika, amri ikatoka, nasi tukatembea vichochoroni na nyama iliyotiwa sumu. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nilijua mbwa atapita wapi, nilijua kipande kiwe kikubwa kiasi gani ili ameze bila kutafuna. Wengine walinijia wakitikisa mkia. Mzee Abdou aliandika hesabu yao kwenye daftari, na siku hizo hakula chakula cha mchana. Hakuniambia kwa nini, nami sikumuuliza.

Mwaka 1978 wakaja mamluki. Mambo ya utawala nawaachia wenye kuyajua. Mimi nilichokiona ni kwamba kulikuwa na kambi, na kambi ilikuwa na mbwa: wakubwa, masikio wima, walioletwa kwa ndege na kula nyama wakati sisi tunahesabu mikate. Wazungu wale walitaka mbwa wao wachanjwe, na wenye sindano tulikuwa sisi. Basi tukawa tunaitwa. Tulipofika hatukusalimiwa; geti lilifunguliwa, tukachanja, geti likafungwa.

Mbwa wale walikuwa wanatumika kwa watu. Jirani mmoja wa Mzee Abdou kule Ikoni alirudi kutoka kambini na shavu la mguu limechanika. Hospitali hakutaka kwenda, kwa sababu hospitalini wangemuuliza nini kimemuuma. Nikamshona mimi, jikoni kwake, kwa uzi wa ng'ombe. Mkewe aliiweka redio karibu na mlango na kuifungulia sauti ya juu. Wiki ile ile niliwachanja wale mbwa, na mmoja wao alikuwa ndiye aliyemuuma. Mkono haukunitetemeka. Hilo linanisumbua zaidi kuliko kama ungetetemeka.

Walipokuwa wameshakaa miaka kadhaa, mzungu aliyewasimamia mbwa, mtu mwenye ndevu nyekundu, alituletea jike mmoja ofisini, amefungwa mdomo. Alisema hafai. Mlio wa bunduki unamtia wazimu, anajikojolea, anang'ata kamba. Wamempiga hadi wamechoka. "Mmalizeni," alisema, akavua ukanda wa shingoni mwa mbwa, kwa sababu ukanda ulikuwa mzuri, akaondoka nao.

Nikaenda kabatini kuchukua sumu. Mzee Abdou akaniuliza mbwa ana ugonjwa gani. Nikasema hana.

"Basi huyo si mgonjwa wetu," akasema. "Na yule si mkubwa wetu."

Nilikuwa nimeshapata barua ya uhamisho kwenda Mutsamudu, kisiwani Nzwani, nisafiri wiki ile. Mzee Abdou akaniambia kwamba kule juu ya mji, kupita ngome, kuna mama mmoja mjane, Bweni Rukia, yaani Bi Rukia kwa lugha ya huko, mwenye mbuzi wachache. Kila alipokwenda Nzwani kuchanja, mama huyo alimwomba jambo moja: amtafutie mbwa. Askari wa kambi wakipanda milimani kwa lori walikuwa wanachukua mbuzi bila kuuliza. Mbuzi wake walishachukuliwa mara tatu, mchana kweupe, yeye akiwa nyuma ya nyumba anatwanga.

"Nikamwambia mbwa hawezi kumzuia askari," alisema Mzee Abdou. "Akanijibu kwamba hataki mbwa mkali, anataka mbwa anayesikia. Huyu hapa anasikia mpaka mchwa."

Nilisafiri na mbwa yule kwenye kasha la mbao lenye matundu, limefunikwa gunia. Andikeni hili: mbwa mwoga asilishwe kabla ya safari ya baharini, apewe maji kidogo, na afunikwe asione watu. Mabaharia niliwaambia ni kondoo wa majaribio. Wakanitazama jinsi mtu anavyomtazama mwongo ambaye hana ubaya naye.

Bweni Rukia alikuwa mmoja wa wale walioletwa kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, mwaka 1977, tukawabandika jina la shirika la ndege lililowaleta utadhani hawakuwa na majina ya baba zao. Mumewe aliuawa kule katika fujo za kuwaua watu wa visiwa vyetu. Yeye alitoka na binti yake mchanga mgongoni, na sasa binti anasoma mjini kwa ndugu, yeye amebaki mlimani na mbuzi saba na mikarafuu ya watu anayochuma kwa kibarua. Nilimkuta ameketi na shiromani yake, leso kubwa ya akina mama wa Nzwani, anachambua karafuu kwenye ungo. Nikamwamkia "Kwezi, bweni," kama ilivyo adabu ya huko, akaitikia "Mbona, mwanangu," kisha akainua gunia akachungulia ndani ya kasha.

Mbwa alikuwa amejikunja pembeni, anatetemeka hadi kasha linagonga.

"Anaogopa nini?" akauliza.

"Kila kitu, bweni."

"Basi amejua mambo." Akarudi kwenye karafuu zake. "Kule Majunga walipokuja tulikuwa tunakula. Hakuna aliyebweka. Ndiyo nasema, nyumba yangu isikae tena bila wa kusikia."

Majirani hawakukawia. Siku ya tatu Fundi Saidi, fundi kwa maana ya mwalimu wa chuo cha Kurani, na imamu wa mtaa ule, alipanda mwenyewe. Alikuwa mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alipenda mzaha, ingawa ulilazimika kumngoja amalize sentensi ndipo ujue. Alisimama mbali na banda, kanzu ameikusanya mkononi.

"Mbwa wa kulinda mifugo ameruhusiwa," alisema. "Wa pambo, hapana. Mgeni siku mbili, bweni. Ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu."

"Fundi, huyu jembe lenyewe analikimbia."

"Basi nakupa mpaka Ramadhani iandame. Nitakuja mwishoni mwa Shaaban nimtazame. Kama hana kazi, bwana mifugo aliyemleta ndiye atakayemwondoa."

Mkubwa wangu mpya wa Mutsamudu alipopata habari alikubaliana naye kwa furaha, kwa sababu hakutaka neno lolote na watu wa msikiti wala na watu wa kambi. Akaniambia kwamba siku hiyo ikifika nipande na nyama kabisa, nisije nikapanda mlima mara mbili. Ilikuwa mwanzo wa Rajab. Mjane yule alipewa chini ya miezi miwili kumfanya mbwa aliyevunjwa aonekane ana kazi, nami nikapewa kazi ya kumsaidia na ya kumuua kwa pamoja. Tangu siku hiyo jina la mbwa likawa Mgeni.

Nilijua kidogo na nilifanya nilichojua. Nafasi iwe ndogo mwanzoni: kona moja ya banda la mbuzi, imezibwa makuti, na nyuma yake ukuta, ili asishituliwe kutoka upande asioona. Chakula saa ile ile, bakuli lile lile, mkono ule ule. Mlango wa ua uwe na makomeo mawili. Usimkodolee macho. Usimsimamie juu ya kichwa. Kaa chini, umpe ubavu, ufanye shughuli yako. Bweni Rukia akahamishia ungo wake mlangoni pa banda, na kila siku alichambua karafuu pale na kuzungumza na mbuzi kana kwamba hakuna mwingine.

Nilipanda kila Jumanne na Ijumaa. Wiki ya kwanza Mgeni hakula nikiwepo. Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu, nilipofika mlangoni, alijikojolea na kujibamiza ukutani hadi pua ikatoka damu. Nikaudhika. Nikamwambia bweni kwamba lazima kuna jambo analokosea, labda anamkemea, labda watoto wa jirani wanamrushia mawe. Nilisema kwa sauti ya ofisi.

Yeye akaendelea kuchambua. "Mwanangu, wewe ukija, mlangoni kwangu unafanya nini?"

"Nabisha hodi."

"Halafu?"

"Navua viatu."

"Na mlangoni kwake?"

Nikatazama miguu yangu. Serikali ilikuwa imetupa mabuti mwaka ule, meusi, ya ngozi, yenye vyuma chini ya kisigino. Nilikuwa ninayang'arisha kila Jumatatu. Kwa Bweni Rukia niliyavua kwa adabu, nikanywa chai, nikayavaa tena, kisha nikaingia nayo bandani, maana banda si nyumba ya mtu. Kisiwa kizima kilitembea kwa ndara au miguu mitupu. Waliovaa mabuti walikuwa mamluki, askari wao, na mimi.

"Siku usizokuja," alisema bweni, "anakula mbele yangu na mbuzi wadogo wanalala ubavuni pake. Ukiwa kwenye kona ya mwisho ya njia, anasimama. Ukifika kwenye mti wa mlangilangi, anaanza kutetemeka. Nilidhani utaona mwenyewe, wewe ndiye msomi."

Niliona haya, na haya yale sijayamaliza. Nilikuwa nimepanda mlima ule mara sita kwenda kumtesa mnyama, kisha nikamlaumu mama wa watu.

Toka siku hiyo mabuti yalibaki ofisini na nilipanda pekupeku. Sikwenda hata nusu ya kasi yangu ya kawaida, kwa sababu njia ile ina mawe na mimi ni mtu wa mjini. Ijumaa ya kwanza Mgeni alibaki amelala, masikio tu yakinifuata. Ya pili alikula nikiwa mlangoni. Baadaye tukaondoa makuti ya kona, akawa anatoka uani na mbuzi na kurudi nao. Nilimwambia bweni asimshike, amwachie kamba nyepesi iburuzike, ili tukihitaji kumrudisha tusimkimbize. Kamba ile haikuhitajika. Alipokwenda mbuzi mkubwa jike, naye alikwenda.

Lakini hakubweka. Hata mara moja. Wapita njia walipita, majirani walichungulia, mbwa wa mbali walilia, yeye kimya. Nilianza kuhesabu siku za Shaaban zilizobaki.

Siku ya mwisho ilifika. Nilitoka ofisini na nyama imefungwa jani la mgomba ndani ya mkoba wangu. Sikumwambia bweni, naye hakuuliza. Fundi Saidi alikuja baada ya alasiri na wazee wawili. Bweni akawafanya wote wavue ndara kwenye mlango wa ua, na Fundi akavua akisema kwamba hajawahi kuona mbwa mwenye masharti kama ya msikiti. Tukaketi mkekani. Chai ikamiminwa. Mgeni alikuwa amelala katikati ya mbuzi, kidevu juu ya miguu.

Fundi alimtazama kwa dakika nyingi. "Ni mpole," akasema mwishowe, na nikamwona kwamba anasikitika. "Lakini bweni, mpole si mlinzi. Tumekuja wageni wanne na hakusema neno. Nitawaambia nini watu?"

Bweni Rukia alikuwa ameshika birika bila kumimina. Mkoba ulikuwa karibu na goti langu na nilihisi uzito wake wote.

Hapo Mgeni akasimama. Manyoya ya mgongoni yalinyanyuka, akaelekeza uso barabarani kule chini, ambako sisi hatukuona kitu wala kusikia kitu. Akabweka. Sauti ilikuwa nzito na ya kukwaruza, utadhani inamuuma kooni. Akabweka tena, kisha akageuka na kukimbia kwenda upande wa bonde, ambako ua ulikuwa na kijilango. Mbuzi wakainuka wakamfuata. Bweni Rukia aliweka birika chini, akafungua kijilango, akaingia nao mikarafuuni bila kutuaga. Ilikuwa haraka hata chai yangu ilikuwa bado na moshi.

Tulikaa tukitazamana. Ndipo tukasikia lori linakata kona za chini.

Liliposimama wakashuka watano: wanne askari wa hapa hapa kwetu, na wa tano yule mzungu wa ndevu nyekundu wa Moroni, aliyekuwa amevuka kuja Nzwani. Banda lilikuwa tupu. Mmoja wa askari, kijana wa Kinzwani, akamuuliza Fundi Saidi mbuzi wako wapi.

"Wametoka na mwenyewe," alisema Fundi. "Walipofika sasa anajua Mungu."

Askari hakufurahi. Akazunguka mkeka, akauona mkoba wangu, akaufungua. Akatoa lile jani la mgomba, akalinusa, akacheka. Nyama wakati ule haikuwa kitu cha kila siku, hata kwa askari wa chini. Akaanza kuitia mfukoni.

Sitawaficha. Nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyompasa mtu. Niliwaza mguu niliomshona jirani wa Mzee Abdou. Niliwaza pia kwamba nikisema ni ya nini, mwenye ndevu atauliza ni ya mbwa gani. Kisha nikamtazama usoni yule askari. Alikuwa na upele wa ujana kwenye kidevu, na mama yake huenda alikuwa mtaa wa pili.

"Itupe," nikasema. "Ina sumu."

Akaiachia ikaanguka. Mzungu akasogea. Alinitambua, nikaona ananitambua. Akaniuliza kwa Kifaransa sumu ni ya nani.

"Ya mbwa wa mitaani. Ndiyo kazi yangu."

Akaigeuza nyama kwa ncha ya buti. "Na yule wangu, ulimpa hii hii?"

"Ndiyo."

"Aliteseka?"

Swali hilo sikulitarajia, wala uso alioniulizia. "Hapana," nikasema. "Alikwenda upesi."

Akatikisa kichwa polepole, akasema vizuri, akarudi kwenye lori. Wenzake walimkamata jogoo wa Bweni Rukia, wakaondoka naye akipiga kelele hadi kona ya tatu.

Mmoja wa wazee alikuwa anasoma dua kwa ndani. Fundi Saidi alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa.

"Kweli moja na uongo mmoja, Msa, kwa pumzi moja," aliniambia. Kifaransa alikijua kumbe. "Ule uongo utautubia wewe mwenyewe. Hiyo nyama kaizike, mbali na kisima."

Nilichukua jembe la bweni nikachimba hadi magotini, chini ya ua. Nilipokuwa nafukia, Bweni Rukia alirudi. Mbuzi walikuwa saba. Mgeni alikuja nyuma yao, ulimi nje, kamba imemchomoka shingoni.

"Bweni," alisema Fundi, "niambie jambo moja. Huyu alilinda au alikimbia?"

Bweni Rukia alikuwa anahema. Aliketi kwanza, akafunga shiromani yake vizuri.

"Fundi, mimi nilipotoka Majunga nilikimbia. Mwanangu alikuwa mgongoni."

Fundi Saidi aliinama akatazama mkeka. Alipoinua kichwa alisema, "Basi ana kazi," na akawaambia wale wazee wawili kwamba wamesikia, wakawaambie na wengine. Kisha akaomba maji, kwa sababu magharibi ilikuwa inakaribia na mwezi wa kutazamwa.

Nilikuwa nimeketi kando ya lile shimo, mikono juu ya magoti. Mgeni alikuja upande wangu. Sikumwita. Alisimama hatua mbili, akanusa miguu yangu mitupu, akanusa jembe. Halafu akaweka pua yake yenye maji kiganjani mwangu, akaiacha hapo.

Miaka yote ile mbwa walikuwa wamenijia kwa ajili ya nyama. Huyu nilikuwa sina kitu cha kumpa, na mkono ule aliougusa ndio uliokuwa umembebea kifo chake mlima mzima. Nililia. Nilikuwa mtu mzima, bwana mifugo, mbele ya wazee wa watu, na nililia.

Aliponiacha akaenda kulala na mbuzi. Fundi Saidi alikuja na ndoo na kata, na gao la udongo safi kwenye kipande cha jani, kwa ile mara moja kati ya saba za kuosha najisi ya mbwa. Akainama mwenyewe, pamoja na uzee wake, akaitia kata ndoni na kuinyoosha juu ya mkono wangu.

"Lete, mwanangu, tuoshe. Wakati unakwenda."

"Ngoja kidogo, fundi," nikasema, nikakifumba kile kiganja.

Akangoja.